Kuchambua ratiba ya siku nzima ya mbio za farasi za kuruka: mtu aanzie wapi?

KijanaWaViunzi (mleta mada)

Habari za wakati huu, wadau.

Kwa misimu kadhaa nimekuwa nikifuatilia mbio za farasi za kuruka zinazofanyika Uingereza na Ayalandi, zile za viunzi vyepesi pamoja na zile za vizuizi vikubwa. Sasa wenzangu ninaozitazama nao wameniomba niwaandikie uchambuzi wa Jumamosi: uwanja mmoja, mbio saba, kuanzia ya kwanza mchana hadi ya mwisho jioni, na katika kila mbio niseme ni farasi gani ninayemwona ana nafasi nzuri na kwa sababu gani.

Nimelipokea ombi hilo kwa moyo wote, ila kila nikiifungua ratiba nazidiwa na wingi wa taarifa. Kuna msururu wa tarakimu na herufi mbele ya jina la kila farasi, kuna uzito atakaobeba, umri, mkufunzi, mpandaji, alama rasmi za uwezo, maelezo ya hali ya ardhi, kisha odi, yaani viwango vya malipo ya kubeti, zinazobadilika kila saa. Nimeona wachambuzi wengi wakimchagua tu farasi aliyeshinda mara ya mwisho, na nimeona pia kwamba farasi wa namna hiyo hushindwa mara nyingi bila mtu kueleza kwa nini.

Naomba mnielekeze mambo haya. Kwanza, katika taarifa zote hizo, ni ipi inayopaswa kutangulia? Pili, herufi kama F na P kwenye rekodi ya farasi zichukuliwe kwa uzito gani? Tatu, je, ni lazima nitaje chaguo katika kila mbio, hata pale ambapo sioni tofauti yoyote kati ya farasi watatu au wanne? Natanguliza shukrani.

Mzee Hatamu

Ndugu KijanaWaViunzi, salaam. Ushauri wangu ni kwamba usimtazame farasi yeyote kabla hujautazama uwanja. Jina la farasi likishakukaa moyoni, kila taarifa utakayosoma baadaye utaipinda ili imfae yeye, na mwisho wa yote utakuwa umeandika utetezi badala ya uchambuzi.

Anza na ardhi. Taarifa rasmi huitaja kuwa ngumu, imara, nzuri, laini au nzito, na katikati yake kuna hali za mpito kama vile nzuri inayoelekea laini. Kipo pia kifaa kinachochomekwa ardhini sehemu mbalimbali za uwanja na kutoa namba. Namba ikiwa ndogo, ardhi ni laini zaidi. Namba hiyo uilinganishe na namba za siku nyingine za uwanja uleule, kwa kuwa kila uwanja una udongo wake na namba ileile ya uwanja mwingine haina maana ileile.

Hapa inafaa tukae kidogo, maana ndipo wengi wanapopita haraka. Neno "laini" linabeba hali mbili zinazotofautiana sana. Mvua ikiwa bado inanyesha, tope huwa na maji mengi na kwato huingia na kutoka kwa wepesi. Farasi mwenye kasi anaweza kuvumilia. Lakini mvua ikikatika siku mbili na upepo ukavuma, tope lilelile huanza kukauka na kunata, kila hatua humgharimu farasi nguvu ya kujinasua, na mbio za maili mbili zikawa mtihani wa stamina kama za maili mbili na nusu. Taarifa rasmi inaweza kusema "laini" siku zote mbili. Kwa hiyo usiishie kwenye neno: tazama mvua ilinyesha lini mara ya mwisho na upepo ulikuwaje. Siku yenyewe ikifika, tazama muda wa mshindi wa mbio ya kwanza ukilinganishwa na muda wa kawaida wa umbali huo katika uwanja huo, kisha sikiliza wapandaji wanasema nini wakishuka. Wao ndio waliokanyaga ardhi hiyo kwa kasi ya mbio.

Ukitaka kuona uzito wa jambo hili, mkumbuke Bristol De Mai. Mwaka 2017, katika Betfair Chase, mbio kubwa ya vizuizi pale uwanja wa Haydock, ardhi ikiwa nzito, alishinda kwa umbali wa urefu wa farasi 57 dhidi ya wapinzani wa daraja la juu. Alirudi akaishinda mbio hiyohiyo 2018 na tena 2020. Farasi huyohuyo hakuwahi kushinda King George VI Chase ya uwanja wa Kempton wala Gold Cup ya uwanja wa Cheltenham, mbio mbili kuu za vizuizi vikubwa. Mchambuzi aliyempima kwa ushindi ule wa 2017 bila kuuliza ulipatikana wapi na juu ya ardhi gani angemfuata kila alikokwenda na angejikuta akihesabu hasara.

Baada ya ardhi, tazama umbo la uwanja. Kempton ni tambarare, unazunguka kwa mkono wa kulia, na humfaa farasi anayeruka kwa kasi bila kupoteza mwendo. Cheltenham unazunguka kwa mkono wa kushoto, una miinuko na miteremko, na humalizikia kwenye mlima unaomkamua farasi wakati tayari amechoka. King George hukimbiwa Kempton kwa maili tatu na vizuizi 18. Gold Cup hukimbiwa Cheltenham kwa zaidi ya maili tatu na robo na vizuizi 22. Ukizisoma kwenye karatasi utadhani ni mtihani uleule uliorefushwa kidogo. Mwaka 2018 Might Bite alifika Cheltenham akiwa bingwa wa King George na ndiye aliyepewa nafasi kubwa kuliko wote. Native River, ambaye awali alikuwa ameonyesha kwamba tope na umbali mrefu ni chakula chake kwa kushinda Welsh National ya 2016 pale Chepstow, aliongoza karibu njia nzima. Wawili hao waliruka sambamba kizuizi baada ya kizuizi, na walipoukabili ule mlima wa mwisho, Might Bite ndiye aliyeishiwa.

Mwelekeo wa mzunguko nao ni wa kuangaliwa, kwa kuwa wapo farasi wanaoruka wakielemea upande mmoja. Anayeelemea kushoto kwenye uwanja wa mkono wa kulia hupoteza mwendo kidogo katika kila kizuizi, na vizuizi vikiwa 18 hasara hiyo hujikusanya. Hata hivyo, hili lisiwe sheria ya kumfutia farasi nafasi. Desert Orchid alishinda King George mara nne akisifika kwa kupenda mkono wa kulia, lakini 1989 aliishinda Gold Cup kwa mkono wa kushoto, kwenye tope zito, kwa sababu ubora wake na ujasiri wake vilizidi kikwazo hicho.

Umbali mimi huupima kwa namna farasi alivyomaliza mbio zake, si kwa jumla ya maili alizokimbia. Altior alikuwa ameshinda mbio 19 mfululizo za kuruka, nyingi zikiwa za takriban maili mbili, hadi Novemba 2019 alipopelekwa Ascot kukimbia maili mbili na falongi tano (falongi ni sehemu ya nane ya maili) kwenye ardhi laini. Cyrname, aliyeujua uwanja huo na umbali huo, akamshinda. Rekodi ya mbio 19 haikuwa na jibu la swali la siku ile.

Mambo mawili madogo ya kumalizia. Uwanja unaposogeza uzio wa ndani ili kuwapa farasi nyasi ambazo hazijakanyagwa, umbali huongezeka, na nyongeza hiyo hutangazwa mapema, isome. Na katika miezi ya baridi, jua likiwa chini na kuwapiga farasi usoni, baadhi ya vizuizi hufungwa na mbio hupita pembeni. Farasi ambaye silaha yake ni kuruka vizuri hupokonywa silaha hiyo, na yule mwenye kasi asiyeruka vizuri huondolewa mtihani wake. Mbio zikibadilika hivyo saa moja kabla ya kuanza, uchambuzi wako ubadilike pia.

Bi. Tandiko

Shikamoo Mzee Hatamu. Nakubaliana nawe kuhusu ardhi, ila mimi ningetanguliza jambo moja mbele yake: farasi huyu anaruka vipi? Farasi asiyevuka vizuizi salama hatuna haja ya kumuuliza kama anapenda tope.

Ndugu mleta mada, nianze na herufi ulizouliza. Tuchukue rekodi ya mfano: 21P-1F3. Mbio ya karibuni zaidi ni ile ya mwisho kulia, kwa hiyo mara ya mwisho alimaliza wa tatu, kabla ya hapo alianguka, na kabla ya hapo aliufungua msimu kwa ushindi. Kistari hutenganisha msimu huu na uliopita. Ukikuta mkwaju badala yake, ujue alikaa nje msimu mzima au zaidi, na hapo lazima uulize alikuwa anaumwa nini. Herufi P ina maana kwamba mpandaji alimsimamisha kabla ya kumaliza. F ni kuanguka, U ni kumwangusha mpandaji huku farasi mwenyewe akibaki amesimama, B ni kuangushwa na farasi mwingine, na R ni kukataa kuruka. Sifuri ni kumaliza nyuma ya nafasi ya tisa.

Sasa chukua ile F na uitazame mbio yenyewe kwenye video, maana herufi haikuambii chochote peke yake. Kama alianguka kwenye kizuizi cha pili akiwa katikati ya kundi, huenda hakukiona vizuri kwa sababu ya farasi waliomtangulia. Kama alianguka kwenye kizuizi cha mwisho akiwa amechoka na ameanza kukokota miguu, hapo una taarifa kuhusu stamina. Kama alianguka akiwa anaongoza na bado ana nguvu, basi ile F imeficha ushindi, na soko linaweza kumpa odi kubwa kuliko anavyostahili mara ijayo. Kisha itazame ile mbio iliyofuata, aliyomaliza wa tatu: je, aliviendea vizuizi kwa moyo uleule, au alikuwa anapunguza mwendo na kuruka juu mno kama aliyetishika? Mimi huwa natazama masikio na hatua tatu za mwisho kabla ya kuruka. Farasi mwenye imani hurefusha hatua na kukifuata kizuizi. Aliyepoteza imani huongeza hatua fupi ya ziada karibu kabisa na kizuizi, na hapo ndipo mwendo unapokufa.

B na F wasitendewe sawa. Farasi aliyeangushwa na mwenzake hakukosea, na msomaji wako anapaswa kuambiwa hivyo.

Kwa nini nalitanguliza hili? Champion Hurdle, mbio kuu ya viunzi, ya Machi 2025 pale Cheltenham ni mfano unaotosha. Constitution Hill, bingwa wa 2023, ndiye aliyepewa nafasi kubwa kuliko wote, akaanguka. State Man, bingwa wa 2024, akachukua uongozi na alikuwa anaelekea kushinda. Akaanguka kwenye kiunzi cha mwisho. Golden Ace akashinda kwa odi ya 25 kwa 1. Wote wawili walikuwa mabingwa, na hivyo vilikuwa viunzi, ambavyo kimo chake cha chini ni kama sentimita 107 na vinalegea vikiguswa. Vizuizi vikubwa huanzia kama sentimita 137 na havimsamehi farasi kwa urahisi huo. Wiki chache baadaye Constitution Hill akaanguka tena pale Aintree. Anguko la kwanza liliweza kuitwa bahati mbaya, lakini baada ya la pili kila mchambuzi alilazimika kuuliza swali jingine.

Tahadhari hii iwe kubwa zaidi katika mbio za wanagenzi, yaani farasi ambao msimu ulipoanza hawakuwa wameshinda bado katika aina hiyo ya kuruka. Farasi aliyekuwa hodari kwenye viunzi anaweza kufika kwenye vizuizi vikubwa akajikuta hana la kufanya. Mimi humpa nafasi nzuri zaidi yule ambaye ameshavivuka vizuizi vikubwa katika mbio halisi, hata kama alishindwa, kuliko mgeni mwenye jina kubwa anayevikabili kwa mara ya kwanza kwa odi ndogo.

Kuhusu uzito, nitasema kwa ufupi. Katika mbio za handikapu, kila farasi hubeba uzito kulingana na alama zake rasmi, na tofauti ya alama moja ni ratili moja. Kwa mbio za kuruka, wengi huhesabu karibu ratili moja kwa urefu wa farasi mmoja. Farasi aliyeshinda kwa shida na akaongezewa ratili nane amepewa kazi ngumu; aliyeshinda huku mpandaji hajamsukuma na akaongezewa tano huenda bado ana akiba. Wapandaji wanagenzi hupunguziwa uzito: ratili saba hadi washinde mara 20, tano hadi mara 40, na tatu hadi mara 75. Mwanagenzi mwenye kipaji ambaye bado anapunguziwa saba kwenye ardhi nzito ni msaada wa kweli. Tazama pia kama farasi amefanyiwa upasuaji wa njia ya hewa tangu akimbie mara ya mwisho. Tangu 2018 mamlaka ya mbio ya Uingereza inataka jambo hilo litangazwe, na kwa farasi aliyekuwa akiishiwa pumzi mwishoni mwa mbio linaweza kueleza mabadiliko makubwa.

KijanaWaViunzi (mleta mada)

Mzee Hatamu na Bi. Tandiko, nawashukuru sana. Nimeanza kuirudia ratiba ya Jumamosi kwa mpangilio huu na tayari nimewaondoa farasi wawili niliokuwa nimewapenda kwa sababu ya majina yao tu.

Limebaki jambo linalonitatiza. Farasi anayefaa kwa ardhi, umbali na kuruka, kila mtu anamwona, na odi yake inakuwa ndogo. Je, bado nimpendekeze? Na wenzangu wanataka niwape mkeka wa mbio zote saba, yaani dau moja lenye mshindi mmoja kila mbio, linalolipa wote wakishinda tu. Niwajibu nini?

Lijamu

Ndugu mleta mada, umeuliza swali ambalo uchambuzi mwingi haulifikii kabisa. "Nani atashinda?" na "ni nani wa kuwekewa dau?" ni maswali mawili, na usipoyatenganisha utakuwa sahihi mara nyingi huku pesa ikipungua.

Kila odi ina maana ya asilimia. Odi ya desimali ya 5.00, ambayo Waingereza huiandika 4 kwa 1, inasema farasi ana nafasi ya asilimia 20. Odi ya 2.50 ni asilimia 40. Tuseme mbio ina farasi watano wenye odi za 2.50, 4.00, 5.00, 8.00 na 10.00. Zigeuze kuwa asilimia: 40, 25, 20, 12.5 na 10. Zijumlishe utapata 107.5. Nafasi halisi haziwezi kuzidi 100, kwa hiyo zile 7.5 za juu ndizo faida ambayo kampuni ya kubeti imejiwekea kabla farasi hajatoka zizini. Uchambuzi wako unapaswa kulivuka pengo hilo kwanza ndipo uanze kuwafaa wasomaji.

Kwa hiyo, kabla ya kufungua ukurasa wa odi, andika asilimia zako mwenyewe kwa kila farasi, zifike 100, kisha ndipo ulinganishe. Ukimpa farasi asilimia 40 na soko linampa odi ya 1.80, ambayo ni karibu asilimia 56, huyo anaweza kuwa ndiye mshindi na bado asiwe pendekezo. Ukimpa mwingine asilimia 18 na soko linampa odi ya 9.00, ambayo ni kama asilimia 11, huyo ndiye wa kuandikiwa, ingawa mara nyingi zaidi atashindwa. Waambie wasomaji hivyo waziwazi, na uwaandikie kiwango cha chini cha odi ambacho pendekezo lako lina maana. Odi ikishuka chini ya hapo, waache.

Kuhusu mkeka, fanya hesabu mbele yao. Tuseme wewe ni hodari kiasi kwamba chaguo lako hushinda mbio moja katika kila tatu, na hicho ni kiwango cha kuheshimika. Uwezekano wa saba zote kupita ni moja katika 2,187. Tena ile faida ya kampuni inazidishwa mara saba, kwa kuwa iko ndani ya odi ya kila mbio. Hata farasi wakubwa hawauokoi mkeka. Siku ya kwanza ya tamasha la Cheltenham mwaka 2015, watu wengi waliwaunganisha farasi wanne wa mkufunzi Willie Mullins: Douvan, Un De Sceaux, Faugheen na Annie Power. Watatu wa kwanza walishinda. Annie Power alikuwa anaongoza akikikaribia kiunzi cha mwisho, akaanguka, na mikeka isiyohesabika ikachanika pale pale. Aliyeshinda mbio hiyo alikuwa Glens Melody, wa mkufunzi yuleyule. Wachambuzi walikuwa wamesoma nguvu za zizi lile kwa usahihi kamili na bado hawakuambulia kitu.

Kwenye handikapu zenye farasi wengi, ipo njia nyingine ya kuwasaidia wasomaji: dau linalogawanywa nusu kwa nusu, nusu ya kushinda na nusu ya kumaliza katika nafasi za juu. Kwa kawaida handikapu ya farasi 16 au zaidi hulipa nafasi nne kwa robo ya odi. Farasi wakiwa watano hadi saba hulipwa nafasi mbili tu. Farasi wa odi kubwa anayeruka salama na kumaliza kila mara anafaa sana kwa dau hilo. Tahadhari ni kwamba idadi ikishuka kutoka 16 hadi 15 asubuhi ya siku hiyo kwa sababu mmoja ameondolewa, nafasi ya nne haiko tena kwa masharti hayo. Angalia orodha mara ya mwisho kabla ya kutuma maandishi yako. Dau lililowekwa wiki kadhaa kabla ya mbio kubwa nalo kwa kawaida hupotea lote farasi asipokimbia, isipokuwa kampuni imetangaza vinginevyo.

Na neno moja ambalo naliona ni wajibu wa kila anayependekeza: wako watakaoweka pesa kwa sababu yako. Waandikie kila Jumamosi kwamba dau litoke katika pesa ambayo ikipotea yote nyumba haitatikisika, na kwamba kupandisha dau ili kufidia mbio iliyopita si sehemu ya uchambuzi wako. Weka pia kumbukumbu ya kila pendekezo pamoja na odi yake, walioshinda na walioshindwa, mahali ambapo kila mmoja anaweza kuisoma.

Mzee Hatamu

Lijamu ameeleza vizuri na sina la kuongeza kwenye hesabu. Kuhusu swali lako la tatu, ndugu KijanaWaViunzi, jibu langu ni hapana, si lazima. Katika ratiba ya mbio saba, mimi nikipata mbili zenye hoja iliyosimama naridhika, na tatu ni siku njema. Ile mbio ya mwisho isiyo na vizuizi, ambamo farasi wachanga wanakimbia tambarare kwa mara ya kwanza au ya pili, mimi huiacha, kwa sababu wanaowajua farasi hao ni watu wa mazizini, na sisi wengine tunabahatisha.

Bi. Tandiko

Hapo tunatofautiana kidogo, Mzee. Msomaji amefungua uchambuzi wa siku nzima na ana haki ya kusikia neno kuhusu kila mbio. Ningependa kijana wetu aziandikie zote saba, lakini aseme wazi kiwango cha imani yake: hapa nina hoja, hapa nina mwelekeo tu, hapa sina chaguo na sababu ni hii. Sababu ya kutochagua ni uchambuzi pia. Akisema kwamba farasi wanne wote wanapenda kuongoza na kwa hiyo wataumizana mapema, amemfundisha msomaji jambo hata kama hakutaja mshindi.

KijanaWaViunzi (mleta mada)

Nitafuata njia ya Bi. Tandiko ya kuziandikia zote, na nitatumia ukali wa Mzee Hatamu katika kuamua zipi ziitwe mapendekezo. Nimejaribu kuandika aya ya mbio ya nne, handikapu ya vizuizi vikubwa ya maili tatu pale Haydock. Naomba mnisahihishe:

"Namba 4 ni farasi mzuri sana mwenye rekodi nzuri na mkufunzi wake yuko katika kiwango cha juu. Anapenda ardhi nzito na anaruka vizuri. Mpandaji wake ni mwanagenzi mwenye kipaji. Namwona akishinda mbio hii bila wasiwasi."

Bi. Tandiko

Umeanza vyema kwa sababu umetaja ardhi, kuruka na mpandaji, lakini kila sentensi inamtaka msomaji akuamini bila kumpa cha kushika. "Anapenda ardhi nzito" umelijuaje? Sema alikimbia mara ngapi kwenye ardhi hiyo na alimalizaje. "Anaruka vizuri" alionyesha wapi? Ondoa "bila wasiwasi" kabisa, maana hakuna farasi wa vizuizi anayestahili maneno hayo. Kisha mtaje mpinzani anayekutia hofu na odi ambayo chini yake hupendekezi. Mimi ningeiandika hivi, nawe ujaze kwa yale uliyoyaona mwenyewe kwenye video:

"Namba 4 amekimbia mara mbili kwenye ardhi nzito, akashinda moja na kumaliza wa pili katika nyingine, na mara zote mbili alikuwa akiwakaribia wenzake mwishoni, jambo linaloonyesha kwamba maili tatu katika tope hazitamshinda. Ameongezewa ratili nne, lakini mpandaji wake anapunguziwa tano, kwa hiyo mzigo wake hauzidi ule aliomaliza nao wa pili. Shaka yangu ni kizuizi cha kwanza baada ya kona, kwa sababu mara iliyopita alikivaa kimoja cha namna hiyo na kupoteza nafasi tatu. Mpinzani wa kuogopwa ni namba 7, ambaye akiachwa aongoze peke yake ni vigumu kumkamata; mvua isiponyesha usiku wa Ijumaa, namtanguliza yeye. Nampa namba 4 nafasi ya asilimia 22, kwa hiyo nampendekeza kwa odi ya 5.50 au zaidi, na chini ya hapo naitazama mbio bila dau."

KijanaWaViunzi (mleta mada)

Nimeelewa, Bi. Tandiko. Narudi kwenye video ya namba 4 na namba 7 usiku huu, na aya ya mbio ya nne nitaiacha wazi hadi taarifa ya mvua ya Jumamosi asubuhi itoke.